Shangazi, sikio la Sungura limekatika

Kila likizo ya Desemba watoto wa kaka yangu huja kwangu Tanga, na kila mwaka baraza langu hugeuka zizi: Sungura, Fisi, Kobe, Simba mwenye mdomo mpana kama beseni. Mkubwa ana miaka 11, mdogo 5. Hadithi ninazowasimulia usiku ndizo wanazofinyanga asubuhi, na ikifika saa kumi jioni wanaanza kuniita mmoja mmoja kwa malalamiko. Malalamiko yenyewe hayabadiliki mwaka hadi mwaka. Nimeyaandika hapa kama wanavyoyasema wao, na chini ya kila moja nimeeleza ninachokagua.

Kwanza shika hili: udongo ukikauka husinyaa. Sanamu iliyokuwa na urefu wa sentimita 20 ikiwa mbichi inaweza kupungua sentimita 1 hadi 2, kwa sababu maji yaliyokaa kati ya chembe za udongo yameondoka na chembe zimesogeleana. Kusinyaa si tatizo, mradi sanamu nzima isinyae pamoja. Shida huanza pale sehemu moja inapotangulia na nyingine ikabaki nyuma. Ndiyo maana nikiletewa kitu kilichoharibika huwa naulizia maji: yalitoka wapi kwa haraka, yalikwama wapi?

"Shangazi, amepasuka"

Usikimbilie kuziba. Tazama ufa umepita wapi.

Ukiwa shingoni, begani au penye mkia, basi kiungo kilibandikwa juu juu. Mtoto alikandamiza donge juu ya donge, akalainisha kwa kidole chenye maji, kwa macho kikaonekana kitu kimoja. Ndani ni vitu viwili vilivyoegemeana tu. Wafundishe kukwaruza pande zote mbili kwa uma mkuukuu au njiti ya kiberiti, kupaka uji wa udongo (udongo uleule uliovurugwa na maji hadi uwe mzito kama mtindi), kubandika huku wakisukasuka kidogo, kisha kuburuta udongo wa upande mmoja kwa kidole gumba uvuke hadi upande wa pili. Watoto wadogo hupenda sana hatua ya uji. Huenda ikabidi uwazuie wasimpake Fisi mzima.

Lakini hata ukikwaruza vizuri, kiungo kitaachia kama unyevu wa vipande viwili haulingani. Kiwiliwili kilifinyangwa saa tatu asubuhi, kikapigwa na upepo; kichwa kimefinyangwa baada ya chakula cha mchana. Kiwiliwili kimeshasinyaa sehemu yake, kichwa ndiyo kwanza kinaanza, lazima watengane. Wakienda kula, funika kazi kwa kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa. Zamani tulikuwa tunafunika kwa mifuko ya rambo, lakini tangu ilipopigwa marufuku Tanzania Juni 2019 mimi nimehamia kwenye mifuko ya mkate, na kwa kweli ndiyo inayomtosha Sungura kwa kipimo.

Ufa ukipita katikati ya tumbo au mgongo, sanamu ni nene mno. Ngozi ya nje imekauka na kusinyaa, ndani bado kuna maji, kwa hiyo nje hakuna pa kwenda ila kupasuka. Kwangu sheria ni kwamba hakuna sehemu inayozidi unene wa kidole gumba cha mtu mzima. Simba mnene anaruhusiwa, ila awe mtupu ndani. Subiri udongo uwe mgumu kama sabuni ya mche, ule ugumu unaokatika kwa kisu bila kunata, kisha mgeuze na mkombe tumbo kwa kijiko kupitia chini. Au anzeni na donge la gazeti lililofinywa, udongo uvikwe juu yake. Gazeti hubonyea udongo unaposinyaa, kwa hiyo halileti ugomvi.

Waya ndio unaoleta ugomvi. Nimeona wazazi wengi wakitia waya miguuni wakidhani wanaiimarisha. Udongo unasinyaa, waya hausinyai, na mguu unapasuka kwa urefu wake wote. Waya ni kwa kazi za karatasi.

Ufa unaoanzia chini ya nyayo na kupanda juu hutokana na sanamu kushika sakafu. Miguu minne imeng'ang'ania saruji, mwili unataka kujivuta pamoja. Weka karatasi ya gazeti chini tangu mwanzo, na siku ya pili ivute kidogo kuhakikisha sanamu inateleza.

Kuna nyufa nyembamba nyingi kama utando wa buibui, juu juu tu. Hizo ni za bakuli la maji. Mtoto akipewa bakuli atalainisha hadi kesho, udongo wa juu unakuwa tope huku wa ndani ni wa kawaida. Mimi bakuli naliondoa mapema na kuwaachia sponji iliyokamuliwa. Na usimwanike mnyama kwenye jua la saa saba wala mbele ya feni. Kivulini, siku tatu hadi tano, ukimgeuza upande kila asubuhi.

Ikiwa sanamu imeshakauka kabisa ndipo ufa ukaonekana, usizibe kwa udongo mbichi. Sehemu kavu itanyonya maji ya kiraka, kiraka kitasinyaa, kesho ufa uko palepale na mwenzake. Saga udongo uleule uliokauka uwe vumbi, changanya na gundi nyeupe ya mafundi seremala, kandamiza ndani ya ufa kwa kijiti. Sanamu iliyozibwa hivyo haifai tena kuchomwa, ila nyumbani hatuchomi, kama nitakavyoeleza.

"Udongo wenyewe haushikiki"

Viringisha udongo uwe kama penseli, uzungushe kwenye kidole. Ukikunjika bila kupasuka, uko sawa. Ukipasuka na kumegeka, una mchanga mwingi au umekosa maji. Ukinata vidoleni kama ubwabwa uliozidi maji, utandaze juu ya kitambaa kikavu nusu saa kisha uukande.

Udongo wa kichuguu ni mzuri sana kwa watoto, kwa kuwa mchwa wameshachagua chembe laini na kuzishikamanisha. Chukua kwenye kichuguu kilichohamwa. Udongo wa bondeni pia unafaa, lakini watu wazima ndio waende kuuchukua: mtoto anayeingia kwenye maji yaliyotuama kutafuta udongo anaweza kurudi na kichocho. Ukifika nyumbani uloweke ndani ya ndoo usiku mzima, uchuje kwa kipande cha chandarua kikuukuu, uache utuame, umwage maji ya juu, kisha uanike tope lenyewe juu ya kanga kuukuu. Kuchuja kunachosha, na kila mwaka kuna anayeniuliza kama ni lazima. Kijiwe kimoja chenye ukubwa wa punje ya hindi kinatosha kumpasua Sungura, kwa sababu udongo unasinyaa ukikizunguka chenyewe kikiwa palepale.

Ukiona udongo wako unapasuka kila mara hata ukifuata yote, ni laini kupita kiasi. Wafinyanzi wa vyungu hapa kwetu huongeza mchanga mwembamba au vigae vya chungu kilichovunjika, vikisagwa. Konzi moja kwa konzi tano za udongo ni pa kuanzia. Chembe hizo hazisinyai na huwapa maji njia ya kutokea.

"Hasimami" na "hafanani na Fisi"

Haya huletwa kama malalamiko mawili, mimi nimegundua ni moja.

Mtoto akiambiwa afinyange Fisi, hufinyanga kwanza mnyama: soseji ya mwili, soseji nne za miguu, kichwa. Miguu iko wima kama nguzo za meza, myembamba, imebeba mwili mbichi mzito. Baada ya dakika kumi magoti yanalegea na mnyama analala kifudifudi. Tunamwinua, tunamwekea viberiti chini ya tumbo vimshikilie, kesho anasimama. Hapo tena mtoto anamtazama na kulia: ni ng'ombe. Au mbwa. Si Fisi.

Kuna marekebisho ya umbo, na ni machache. Fisi miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unateremka kama paa la banda, shingo nene, taya zito. Ukiteremsha mgongo tu, mtoto yeyote mtaani atakuambia ni nani huyo. Sungura ni masikio. Kobe ni gamba na shingo iliyochungulia. Lakini kabla ya kushika udongo mimi huuliza swali lingine: yuko wapi kwenye hadithi sasa hivi? Anafanya nini?

Mwaka juzi yule wa miaka 9 alijibu, "Amefika njia panda." Ile hadithi ya njia mbili zilizomshinda fisi: kanusa nyama huku, kanusa nyama kule, akaweka miguu ya upande mmoja njia hii na ya upande wa pili njia ile, mpaka akapasuka. Basi Fisi wake akamfinyanga miguu imetanuka pande zote, tumbo karibu liguse ardhi. Mnyama yule hakuanguka hata mara moja. Miguu iliyotanuka inabeba, na tumbo lililoshuka linapunguza uzito wa juu. Hatukumwekea hata kiberiti kimoja. Na hakuna aliyeuliza ni mnyama gani.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta dawa ya kusimama ndani ya hadithi yenyewe. Masikio ya Sungura hukatika kwa sababu yamesimama peke yake hewani, membamba, na hukauka kabla ya kichwa. Sungura anayenyemelea kisima usiku kuiba maji hasimamishi masikio, huyalaza mgongoni. Yakilazwa na kubandikwa hadi mabegani, hayakatiki. Akinaswa na Kobe aliyepakwa ulimbo gambani, ni bora zaidi: mikono yake miwili imegandamana na gamba, miguu imegandamana, Kobe mzito chini ndiye anayebeba kila kitu. Sanamu mbili dhaifu zimekuwa moja imara. Kima aliyemwambia Papa kwamba moyo wake umebaki mtini, mkalishe begani mwa Papa kama anavyosafiri naye, mkia wake umzunguke. Mkia unaoning'inia hautafika hata jioni.

Abunuwasi ana shida yake. Ni mtu, na mtu wa udongo akikosa alama ni mtu yeyote. Kilemba hakitoshi. Mpe sufuria kubwa mikononi na kisufuria kidogo ndani yake, ile siku aliyomrudishia jirani sufuria na kudai imezaa, naye atatambulika na mtu yeyote aliyewahi kusimuliwa. Sufuria ikikaa mapajani mwake akiwa ameketi, mikono haihitaji kuning'inia. Watu wa kusimama ni wa watoto wa miaka 10 kwenda juu, na hata wao wape kanzu au kanga inayofika chini. Kanzu ni nguzo.

Na Kobe? Kobe ndiye mwanafunzi wa kwanza wa kila mtoto: hana miguu ya kukatika, hana shingo ndefu, na hadithi inatuambia gamba lake lilipasuka alipoanguka kutoka juu. Mdogo wetu Kobe wake alipata ufa mkubwa mgongoni. Nilikuwa nimeshashika gundi. Akaninyang'anya akasema, "Ameshaanguka huyo, muache."

Usiguse uso wa sanamu ya mtoto ili "umsaidie kidogo". Nimefanya hivyo nikajuta. Yule mkubwa aliiacha kazi yangu barazani na kwenda kufinyanga nyingine. Mkono wako uwe kwenye unyevu, unene na maungio.

"Amelowa, na hatukumwagia maji"

Hili ni la unga wa ngano na chumvi, unaotumiwa na wanaokaa ghorofani au wasio na udongo karibu. Kipimo cha kawaida ni vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji kikombe 1 au pungufu kidogo, yakiongezwa taratibu. Sanamu inakauka vizuri, baada ya wiki asubuhi unaikuta inatoa jasho na imekuwa laini. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, na hewa ya pwani, hasa wakati wa masika, ina maji ya kutosha. Sanamu zilezile zikikaa Dodoma hukaa miezi bila wasiwasi. Ikaushe upya, kisha ipake vanishi tabaka mbili pande zote, pamoja na chini, mahali ambapo watu husahau. Vanishi aipake mtu mzima, nje.

Ikivimba au kutoa malengelenge, moto ulizidi. Kama una oveni, nyuzi 100 kwa saa kadhaa. Kwa jiko la mkaa sishauri, moto wake haudhibitiki. Anika kivulini penye upepo na ugeuze. Ikiwa na ngozi ya chembechembe, chumvi ilikuwa ya mawe. Isage.

Asubuhi ukikuta imetafunwa, ni panya. Na kama una mbwa, weka juu kabisa, maana chumvi nyingi kiasi hicho inaweza kumdhuru. Unga mbichi nao watoto wasiulambe. Sitaendelea sana na njia hii. Bibi yao alipotuona tunamwaga chumvi kwenye kilo moja ya unga alituuliza kama tumeshiba chapati, na sikuwa na jibu.

"Ananuka"

Anayenuka ni wa karatasi, yule anayetengenezwa kwa vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka. Tabaka nyingi zilibandikwa siku moja, nje zimekauka, ndani gundi ya unga inachacha na kuota ukungu. Kanuni ni tabaka mbili au tatu, kisha kukausha kabisa, kisha nyingine. Gundi yenyewe ipikwe: koroga unga wa ngano au wa muhogo kwenye maji baridi, mimina ndani ya maji yanayochemka, koroga hadi ing'ae kama uji mwepesi, ongeza kijiko cha chumvi. Sehemu moja ya unga kwa sehemu tano za maji inatosha. Gundi nzito kama ugali haikauki, na karatasi inajikunja.

Ukungu ukishaonekana ndani, usiutibu. Tupa. Ukiwa juu tu, kata sehemu hiyo, toboa tundu chini ili hewa ipite, anika juani. Karatasi haiogopi jua kama udongo.

Kichwa kilichofinyangwa juu ya puto kikibonyea, puto lilipasuka mapema. Hewa ndani yake hutanuka ikipata joto, kwa hiyo kazi ya puto ikae kivulini hadi tabaka la pili likauke, kinyume na nilichosema hivi punde. Mikunjo na malengelenge husababishwa na vipande virefu mno: raruani kwa mkono, visizidi urefu wa kidole, kwa kuwa ukingo uliochanika hulala vizuri kuliko uliokatwa kwa mkasi. Kwa pua, nyusi na midomo tumia trei za mayai: mtu mzima azimwagie maji yaliyochemka, ziloweke hadi kesho, zikamuliwe, zichanganywe na gundi. Zinafinyangika karibu kama udongo, na hapa ndipo waya una kazi yake. Masikio ya Sungura yanaweza hata kusimama.

"Rangi inabanduka"

Alipakwa kabla hajakauka. Mguse kwa shavu lako: akiwa baridi kuliko hewa, bado anatoa maji. Kidole hakitambui vizuri, shavu linatambua. Rangi ya maji ikipakwa kwa brashi iliyojaa maji humrudisha mnyama kuwa tope, kwa hiyo brashi iwe karibu kavu, tabaka nyembamba mbili.

Mkaa uliosagwa na gundi hutoa madoa mazuri ya Fisi. Kwa rangi nyeupe tumia chaki iliyosagwa. Chokaa ya ukutani usiwape, inaunguza macho na ngozi. Simba aliyepakwa manjano ya kupikia alipendeza siku mbili, akakaa dirishani, akafifia akawa na rangi ya mbwa wa mtaani. Jua hula manjano haraka.

"Amelipuka!"

Mtoto mmoja atafikiri: vyungu huchomwa, basi na Kobe wangu achomwe. Atamtumbukiza kwenye jiko la mkaa wakati maharage yanachemka. Maji yaliyobaki ndani yanapofika nyuzi 100 hugeuka mvuke, unaotaka nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya awali, na kama hauna njia ya kutoka Kobe anaruka vipande vipande, vya moto, usawa wa uso. Kukauka kwa nje si dalili ya usalama. Udongo huacha kuyeyuka kwenye maji ukishapita karibu nyuzi 600, na mfinyanzi hufika huko kwa kupasha vyungu polepole kwanza, kwa saa nyingi, akijua anachofanya. Kama mna mfinyanzi jirani anayechoma, mpelekeeni zile zilizokombwa tumbo na kukauka wiki mbili, mumwombe aziingize kwenye tanuri lake. Kama hamna, sanamu ibaki mbichi na isiwekwe dirishani mvua inapoingilia.

"Hatengenezeki tena"

Kama ni wa udongo na hakupakwa vanishi wala gundi, haijapotea hata konzi moja. Mvunje vipande, umtumbukize kwenye ndoo ya maji. Ila subiri kwanza akauke kabisa, hadi shavu lisisikie baridi. Mkavu kabisa hunyonya maji mara moja na kumomonyoka mwenyewe kwa muda mfupi, watoto wakikodoa macho kuangalia mapovu. Aliye nusu mbichi hukaa ndani ya maji siku tatu akiwa bado ana madonge, na utaumia vidole kumkanda.